Gari la Kifungua Mimba

Kuna watu wanaodhani gari likioshwa limetengenezwa, na kaka yangu ni mkubwa wao. Kabla ya kila safari ya kuja nyumbani hulipeleka likapigwe povu, likafutwe hadi ndani ya vitasa vya milango, litiwe yale manukato ya nanasi yanayonichefua, kisha hulipiga picha na kuiweka kwenye grupu la familia. "Tayari kwa safari," huandika. Wajomba na mashemeji hujibu kwa vidole gumba na mikono ya maombi, utafikiri kuna mtu kavishwa joho la chuo kikuu. Mimi huikuza ile picha kwa vidole mpaka nione matairi. Mengine hayanihusu.

Mimi ni dereva. Nalisema wazi kwa sababu kwetu mwanamke akiwa na pikapu watu husema ana gari, hawasemi ni dereva. Ninaishi Same mjini, na kazi yangu ni kupandisha sukari, sabuni na mabati kwenye vijiji vya juu huko mbele ya Mwembe, na kushusha tangawizi, maharage na ndizi. Huku chini ni joto, vumbi na mkonge. Ukipanda, kabla hujamaliza kuisifu hali ya hewa, unajikuta unafunga kioo na kutafuta sweta. Masika ikiingia ukungu hulala barabarani mpaka jua liwe juu, na udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama mlenda. Barabara yenyewe upande mmoja ni kingo ya mlima, upande mwingine ni vilele vya migomba ya mtu aliyeko chini kabisa. Ukikosea upande, huingii kwake mlangoni, unamwangukia paani.

Kwa hiyo wingu la kwanza likikaa juu ya mlima Shengena bila kuondoka, mimi natandika turubai uani na kulala chali chini ya pikapu. Si kazi ya kupigia picha. Nafungua magurudumu, natazama pedi za breki zimebaki unene gani, na zile ambazo fundi angesema "zinasukuma mwezi" mimi nazitupa. Waipa nabadilisha kabla hazijaanza kulia. Taa za mbele naziinamisha kidogo, maana taa iliyoinuliwa huupiga ukungu ikakurudishia weupe machoni. Mwisho natoa cheni stoo. Wa tambarare hawazijui: ni minyororo ya chuma inayozungushwa kwenye matairi ya nyuma na kukazwa kwa vipande vya mpira wa tubu, ili iume tope pale ambapo tairi peke yake lingekuwa linacheza dansi. Nazipaka oili chafu, nakagua pete zake, nikikuta iliyoanza kulika nampelekea mchomeleaji. Majirani wa mjini hunicheka. Wacheke tu, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kurudi nyuma kwenye kona bila kutaka.

Mwaka huo ninaousimulia, sikuwa nikiandaa gari kwa ajili ya tangawizi. Mama alikuwa kwangu tangu baada ya Krismasi. Alianguka kule juu akiteka maji, akavunjika nyonga, na daktari alipomruhusu kusimama na fimbo alituambia bila kuzunguka: akianguka tena, au akitikiswa vibaya kabla mfupa haujashika sawasawa, hatatembea tena. Mama alimsikiliza kwa heshima zote, na tulipofika nje akasema Pasaka anaila kwake. Hakutaka masika ifunge njia ikamkuta mjini, kwenye nyumba isiyo na hata mgomba mmoja. Nikabishana naye siku nzima, kisha nikaacha, nikaanza kuandaa kiti. Nilikata godoro kwa kipimo cha kiti cha mbele cha pikapu, nikamfanya akae na kusimama mpaka nikajua ni wapi panamuuma. Niliipita njia yote kichwani, kila shimo na jina lake.

Halafu kaka akapiga simu kutoka Dar es Salaam.

"Mdogo wangu, mama nitampandisha mimi."

Katika ukoo wetu, mzazi aliyeuguzwa mbali hurudishwa nyumbani na kifungua mimba. Haijalishi nani alimuosha, nani alimkorogea uji, nani alikesha naye akilia kwa maumivu. Siku ya kurudi mtoto wa kwanza ndiye hushika mkono, watu wakapiga vigelegele, naye akapewa kiti cha mbele na supu ya kwanza. Kaka yangu hajawahi kukosa supu ya kwanza. Kukesha ndiko huwa kunamkuta ana kikao.

Nilimuuliza kitu kimoja tu: matairi yakoje? Akacheka. Akasema hilo ni fo-wili, magurudumu yote manne yanavuta, si kipikapu, na limeshaombewa kanisani. Mimi sina neno na maombi, nami ni Mlutheri wa kubatizwa. Ila najua mchungaji hakuinama kutazama matairi, na wala si kazi yake.

Alifika Alhamisi Kuu, gari jeusi linang'aa, yeye mwenyewe na miwani ya jua juu ya kichwa. Alipokuwa ndani akimwamkia mama, nilichuchumaa. Matairi yalikuwa na kipara kama cha chifu. Nilipitisha kidole kutoka ukingo hadi ukingo, hakikugusa hata mfereji mmoja.

"Nimenunua mapya," akasema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayesingiziwa. "Seti nzima, yapo stoo nyumbani. Haya bado yana maisha."

"Maisha ya nani?"

"Nikiyafunga sasa hivi, masika itayaharibu."

Wenzetu hututania kwamba Mpare yuko radhi amalize ng'ombe kwenye kesi ya kuku. Sikatai, mimi mwenyewe nina kesi ya mpaka. Lakini kuna ubahili wenye akili, ule wa kushona gunia mara tatu, na kuna huu wa kaka, wa kununua matairi ya tope na kuyaficha ili yasipate tope. Huyu ndiye aliyesomeshwa kwa kahawa yote ya baba. Nilimdharau siku ile kwa moyo wote, na sikujitahidi kuficha.

Nikamwomba mama apande kwangu. Nikamwonyesha godoro. Mama akalibonyeza kwa kiganja, akalisifu, kisha akamshika kaka mkono na kupanda gari jeusi. Nikamsaidia kuinua mguu. Kwenye viti mle ndani bado kulikuwa na yale makaratasi ya nailoni ya dukani, gari lina miaka naye hajayatoa, na mama akawa anateleza kila akijaribu kukaa sawa. Nikarudi kwenye pikapu, nikachukua godoro langu, nikamwekea. Kaka akaniambia niangalie nisichafue.

Tuliondoka Ijumaa Kuu asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma na mizigo ya mama. Pale ambapo lami inakwisha na tope linaanza, nilipiga honi, nikashuka kufunga cheni zangu. Kaka alisimama akinisubiri bila kuzima muziki. Nilimshauri apunguze upepo kwenye matairi kidogo, yapate kulala na kushika chini. Akasema upepo aliujaza jana, tena wa kulipia. Nikamwambia basi asitoke gia ndogo, akapandisha kioo chake.

Ukungu ulitupokea tulipozidi kupanda. Akawasha taa kubwa zote, na zile za tahadhari zikawa zinapepesa mbele na nyuma, kwa hiyo hata kama angetaka kunionyesha anakata kona nisingejua. Nilimfuata kwa kutazama moshi wa bomba lake la nyuma, ambao kwa ile baridi ulikuwa unaonekana mweupe na mzito. Nilikuwa naongea peke yangu. Maneno niliyokuwa nayasema siwezi kuyaandika, na ilikuwa Ijumaa Kuu.

Kabla ya kufika kwetu barabara inashuka ghafla hadi kwenye kijito, kisha inapanda mlima wa mwisho. Dereva mwenye akili hushuka pale na gia ya kwanza, injini ikilalamika, kwa sababu injini ndiyo inayoshika gari breki zikichoka. Na dereva wa kwetu, yule wa zamani, aliyejifunza kwenye malori ya tajiri mchoyo, akiona mteremko hufurahi: anaweka fri, gia isishike, anazima injini, anashuka bure. Baba alikuwa anafanya hivyo, akisifiwa, kiangazi, na gari la zamani. Nilikuwa naukazia macho ule moshi, na moshi ukakatika.

Nilijua mara moja alichofanya. Nikapiga honi mpaka kiganja kikauma. Gari la kaka injini ikizimika breki zake hukakamaa na usukani huwa mzito kama wa trekta, jambo ambalo halikumo kwenye picha za grupu. Lilikwenda polepole kwanza, kisha si polepole. Taa za breki ziliwaka zikakaa zimewaka, na gari halikusimama, lilikuwa linateleza tu na taa zake nyekundu, mkia ukienda upande wa migomba. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilimwona mama mle ndani, kile kitambaa chake cheupe cha kichwani kikielea. Kisha mkia ukarudi, pua ikageukia kingo, na likazama mtaroni taratibu likaegemea udongo. Ni Mungu tu, na hapo kaka atasema ni yale maombi.

Nilikimbia nikaanguka, nikainuka, nikafungua mlango. Mama alikuwa ameshikilia godoro kwa mikono miwili. "Sijaumia," akasema. "Usimtukane."

Mtaro ule ulikuwa mpya, na waliouchimba walikuwa wamesimama hatua chache mbele yetu na majembe. Ilikuwa msaragambo. Kwetu mbiu ya msaragambo ikilia kila kaya hutoa mtu kwenda kazi ya wote, iwe mfereji, iwe shule, iwe barabara, na asiyetokea hulipa faini na kusemwa, na kusemwa ndiko kunakouma. Ijumaa Kuu ibada ilikuwa mchana, kwa hiyo walikuwa wamewahi asubuhi kuzibua njia ili watoto wao wa mijini wapite kwa ajili ya Pasaka. Kijiji kizima kiliona. Walimpa mama pole, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kubwa. Kisha wakamgeukia kaka. Alikuwa ameshuka na viatu vyeupe.

"Karibu nyumbani," mwenyekiti wa kitongoji akamwambia. "Miaka hii yote tunakuandikia hukuwepo. Majembe yapo."

Watu wakacheka kidogo, wakitazama chini. Kaka akasema gari limepata hitilafu, ila ni fo-wili, litatoka lenyewe. Akawasha, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka yakawapaka tope wachimbaji wawili. Ya mbele hayakuzunguka hata kidogo. Nikainama na kamba yangu nitafute pa kuifunga, nikaingia chini mpaka kiunoni, na hapo nikaona. Ile fimbo ndefu ya chuma inayopeleka nguvu magurudumu ya mbele, propela, haikuwepo. Palikuwa na nafasi tupu na boliti zimepakwa grisi vizuri.

"Propela iko wapi?" nikauliza nikiwa chini vilevile.

Kaka akazima injini. Nikarudia.

"Fundi aliitoa," akasema. "Inakula mafuta."

"Ipo stoo?"

"Ipo stoo."

Sasa hawakutazama chini tena. Walicheka mpaka wakaegemea majembe. Mama mmoja aliketi kabisa. Nami nilitoka chini ya lile gari nikiwa nimelowa, na nakiri kwamba ilikuwa saa tamu kuliko zote za mwaka ule. Nilikuwa na haki, mbele ya mashahidi. Nikafungua mlango wa pikapu, nikapangusa kiti, nikaenda kumchukua mama.

Mama hakutoa mguu. Alikuwa anamtazama kaka kupitia kioo. Kaka alikuwa amesimama peke yake katikati ya barabara, anajipangusa tope kwenye kiatu kwa jani la mgomba, na tope lilikuwa linaenea.

"Wamtoe mtaroni," mama akasema. "Halafu zile cheni zako mfungie yeye."

Nilidhani sijasikia. Nikamwambia kiti chake kiko tayari. Nikamwambia nitamfunga kaka kamba nimvute, tutafika wote.

"Haingii nyumbani akivutwa," mama akasema. "Mfungie."

Nikamkumbusha nyonga. Nikamkumbusha daktari. Akanijibu kwamba nyonga ni yake.

Basi wanaume wakaliinua gari la kaka kwa mabega na magogo, wakalirudisha barabarani, kaka akiwaelekeza. Nikavua cheni kwenye pikapu yangu. Nilizifunga kwenye matairi yake yale ya kipara, mikono ikiwa imekufa kwa baridi, na kaka akasimama pembeni akinishikia mwavuli ambao ulimkinga yeye. Nikazikaza kwa mipira, nikazikaza tena. Nikamwambia gia ya kwanza, mguu uwe mwepesi, usiguse breki, usisimame hata ukimwona marehemu baba. Pikapu nikaiacha kando ya kijito na mizigo yake, kwa sababu bila cheni mlima ule haupandi. Nikaokota jiwe kubwa ninaloweza kulibeba, nikatembea nyuma ya gari lake mpaka juu, ili gari likianza kurudi nilitupe nyuma ya gurudumu. Kazi ya utingo. Tope la cheni zangu mwenyewe lilikuwa linanipiga kifuani.

Halikurudi. Lilipanda vizuri kweli, na lilipoingia uani vigelegele vikalia. Kaka akazunguka, akafungua mlango, akamshika mama mkono kama inavyotakiwa. Alipoletewa kiti nilimsikia akiwaambia wazee kwamba barabara si mbaya kama watu wanavyoikuza, ni suala la dereva tu. Wakampa supu.

Nilimkuta mama baadaye chumbani kwake, miguu juu ya mto, anatazama paa kama mtu anayehesabu mabati. Bado nilikuwa na nguo za tope. Nilimuuliza kwa nini. Sikuuliza kwa adabu.

"Wewe hata nikikuudhi utakuja kunizika," akasema. "Yule akichekwa siku moja zaidi, harudi tena hapa. Ninamjua, nimemzaa."

Iliniuma, na bado inaniuma, kwamba kuwa mtu wa kuaminika kumbe ndiko kunakokufanya uachwe nyuma kwenye tope. Mama akajigeuza taratibu upande usiouma. Akaniambia kaka anashuka Jumatatu ya Pasaka, na kwamba aliona zile breki zilikawia kushika.

Nikachukua spana zangu nilizopanda nazo mfukoni, nilizokuwa nimeziweka kwenye ukingo wa dirisha, nikatoka. Kaka alikuwa anakula. Nikalala chali kwenye majani mabichi chini ya gari lake, nikaanza na gurudumu la mbele.